Tezi Isiyouma: Limfoma Kati ya Mbagala na Ocean Road

Watu wa Dar es Salaam tunakwenda hospitali tunapoumwa, na kuumwa kwetu maana yake maumivu. Tezi ikichomoza shingoni au kwapani na haiumi, huitwa mtoki, huchuliwa kwa mafuta, kisha huachwa ipotee yenyewe. Mara nyingi hupotea kweli, maana tezi huvimba kwa jino bovu, kwa mafindofindo, hata kwa kidonda cha mguuni. Limfoma nayo mara nyingi huanza hivyohivyo. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu ambazo makazi yake ni kwenye tezi, na aina zake nyingi hazimtesi mtu katika miezi ya kwanza. Anakula, anakwenda kazini, anacheza ngoma kwenye sherehe, na uvimbe uko palepale.

Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kila mwaka. Saratani ya mlango wa kizazi, ya matiti na ya tezi dume ndizo zinazosikika kwenye redio, na ni haki yake, kwa sababu ni nyingi. Limfoma iko chini kidogo ya orodha, na ina tatizo jingine: haina kipimo cha kuitafuta kwa mtu asiye na dalili, kama kile wanachofanyiwa kina mama kwenye kampeni za mlango wa kizazi. Hakuna kambi ya upimaji itakayokuja Chamazi ikainase. Kila kitu kinategemea mwenye mwili kushtuka, na mtu wa kwanza atakayemwona kutilia shaka.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonishangaza. Mkazi wa Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju yuko karibu na hospitali kubwa za saratani kuliko karibu Watanzania wote. Ocean Road, jengo walilolianzisha Wajerumani katika miaka ya 1890 na ambalo sheria ya mwaka 1996 ililifanya taasisi inayojitegemea, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pekee nchini pa kutibiwa kwa mionzi. Muhimbili iko jirani yake tu. Mtu wa Kigoma husafiri siku nzima au zaidi kufika huko. Wa Mbagala hupanda daladala. Na bado wa Mbagala anaweza kufika akiwa amechelewa sawa na wa Kigoma. Ninavyoliona mimi, kinachomchelewesha ni magonjwa mengine tuliyoyazoea, yanayofanana na limfoma mpaka yanaificha. Na akishapata jibu, kinachomwangusha ni kukosa mtu aliyewahi kupita hapo alipo.

Tuanze na kifua kikuu. Chukua fundi cherehani wa Rangi Tatu, mwenye miaka thelathini na kitu. Ana homa za jioni zinazokuja na kuondoka, anatoka jasho usiku, suruali zimeanza kumlegea, na shingoni ana matezi mawili matatu. Mhudumu yeyote wa zahanati akiyasikia hayo atawaza TB, naye hajakosea: Tanzania imo katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani, na TB ya tezi ni ya kawaida kabisa. Shida ni kwamba TB ya tezi mara nyingi haionekani kwenye makohozi, kwa hiyo wengine huanzishiwa dawa kwa kuangalia dalili tu. Dawa ni za miezi 6. Ikiwa ni limfoma, tezi zitaendelea kukua huku mgonjwa akimeza vidonge kwa uaminifu, na kuna mtego ndani ya mtego: hata tezi ya TB halisi inaweza kuvimba zaidi katika wiki za mwanzo wa dawa. Kwa hiyo mgonjwa anaambiwa avumilie, na anavumilia. Kosa haliko katika kuiwaza TB. Liko katika kukaa nayo miezi bila mtu kuuliza upya.

Dalili zenyewe nazo hupotea katika hali ya hewa ya pwani. Jasho la usiku la Februari mjini Dar es Salaam si dalili ya kitu chochote, hasa umeme ukikatika na feni ikasimama. Jasho wanalolitaja madaktari wa damu ni lile la kulowanisha shuka mpaka mtu aamke abadilishe nguo, hata Julai kusi likivuma. Vivyo hivyo kupungua mwili: wanaouliza ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita, bila mtu kukusudia. Nani hupima uzito wake Yombo? Wengi hujua wamekonda wanapoambiwa na shemeji aliyekuja kusalimia baada ya muda mrefu, na jibu la haraka mtaani kwa mtu aliyekonda ghafla bado ni Ukimwi. Nao una sehemu yake, kwani anayeishi na VVU yuko katika hatari kubwa zaidi ya baadhi ya limfoma. Lakini kipimo kikitoka hasi, watu wengi hushukuru Mungu wakaenda nyumbani, kana kwamba maswali yamekwisha.

Jibu la uhakika liko kwenye kinyama, yaani kipande cha tezi kinachochukuliwa kikapimwe. Sindano nyembamba hunyonya chembe chache, na mara nyingi chembe hizo hazitoshi, kwa sababu daktari wa maabara anahitaji kuona jinsi tezi nzima ilivyopangika ndani. Inatakiwa tezi ikatwe, yote au kipande cha kutosha, ikahifadhiwe vizuri na kupakwa rangi maalumu zinazoonyesha ni aina gani ya limfoma, maana ziko nyingi na dawa zake hazifanani. Kazi hiyo hufanywa kwenye maabara kubwa, ina gharama, na huchukua muda. Kabla ya kufika huko kuna imani ya kupambana nayo, inayosemwa kwa sauti ya chini kuanzia Keko hadi Kawe: kwamba uvimbe ukiguswa kwa kisu unasambaa. Limfoma haingojei kisu. Iko ndani ya mfumo unaozunguka mwili mzima, na kuikata tezi moja hakuipeleki popote ambako haikuwa na uwezo wa kwenda. Wanaosema fulani alipasuliwa akafa wanasema kweli mara nyingi, ila husahau kwamba alipasuliwa mwaka mzima baada ya uvimbe kutokea.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu una historia hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akaanza kuwatafuta wengine, akaandika habari zao mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakazunguka kwa gari umbali wa kilomita kama 16,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika mpaka kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo unajulikana. Walichokiona ni kwamba ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya chini yenye joto na mvua, yaani kulekule kwenye malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London waliopokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala wakakuta ndani yake kirusi ambacho leo kinabeba majina yao, Epstein na Barr. Karibu kila mtu mzima duniani ana kirusi hicho na hakimdhuru. Kwa mtoto ambaye malaria imemsumbua mfululizo mambo hubadilika. Kituo kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huo ndicho kilichokua kikawa taasisi ya saratani ya Uganda. Sehemu ya historia hiyo inayonigusa zaidi ni nyingine: miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake ilikuwa ile ya watoto hao, katika wodi zetu, miaka ya 1960. Anayekuambia kwamba saratani haiponi amechelewa zaidi ya nusu karne.

Kuhusu watoto, hali imesogea. Huduma yao mjini Dar es Salaam ilihamia Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na hospitali katika matibabu na malezi yao. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2018 mpango wa kufikia walau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanaonusurika ifikapo 2030, na kati ya saratani sita zilizowekwa mbele, mbili ni limfoma: ya Burkitt na ya Hodgkin. Mtu mzima hana kelele kama hizo za kumsemea. Hodgkin huwapata sana vijana wa miaka ishirini na thelathini, na kwenye vifaa kamili wengi wao hupona kabisa. Ile ya chembe kubwa, iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, nayo huweza kumalizwa, hasa ikiongezwa dawa ya rituximab, ambayo iliingizwa mwaka 2015 kwenye orodha ya dunia ya dawa muhimu lakini bei yake bado inawashinda wengi. Kuna na zile za polepole, ambazo daktari anaweza kusema tusubiri tukiangalia. Mgonjwa akiambiwa hivyo hudhani ametupwa. Ni vigumu kuieleza familia iliyokwisha kuuza kiwanja kwamba kwa sasa hakuna dawa ya kununua, na kwamba hiyo ni habari njema.

Dripu za dawa za limfoma huja kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21, mizunguko sita hivi. Hapa ndipo mtu aliyetangulia anapokuwa na thamani kuliko kijitabu chochote. Kwenye benchi la kliniki, asubuhi kabla majina hayajaanza kuitwa, mama mwenye kilemba anamwinamia kijana mpya aliyeshika faili kwa mikono miwili. "Mwanangu, hiyo nyekundu ikiingia usije ukaogopa, mkojo utatoka mwekundu siku moja mbili. Si damu. Kunywa maji." Kijana anaitikia, "Ndiyo mama," na mabega yanashuka kidogo. Mama anaendelea kumpa siri za kazi: abebe mfuko wa plastiki kwenye daladala, asile chakula anachokipenda siku ya dripu asije akakichukia, kijiko cha plastiki hupunguza ile ladha ya chuma mdomoni. Yule fundi cherehani wetu ataambiwa jambo ambalo huenda hakuliuliza: moja ya dawa hizo hufanya vidole vife ganzi, na kwa miezi kadhaa hatoweza kutunga uzi kwenye sindano. Akilijua mapema atatafuta kijana wa kumshikia mashine. Asipolijua atadhani ugonjwa umefika mikononi.

Kuna onyo moja kwenye benchi hilo linalookoa maisha moja kwa moja, nalo linahusu malaria. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe za kinga hushuka sana. Homa ikipanda siku hizo kufikia nyuzi 38, ni dharura ya hospitali saa ileile, usiku au mchana, kwa sababu maambukizi madogo yanaweza kumwua mgonjwa ndani ya saa chache. Lakini sisi tuna mazoea yetu ya homa: unakwenda duka la dawa, unachukua panadol na mseto, unalala. Ndugu anayekwenda kumnunulia mgonjwa mseto anafanya alichofundishwa tangu utotoni, kwa mapenzi yote. Kipimajoto cha famasi na namba ya wodi iliyobandikwa ukutani vina faida kuliko mapapai na machungwa yote tunayompelekea mgonjwa. Apimwe malaria, sawa, lakini apimwe huko hospitali huku ameshaanza dawa za maambukizi.

Pembezoni mwa jiji kuna sura nyingine ya saratani isiyoonekana kwenye takwimu za wilaya. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni hubeba zaidi ya hao: mgeni wa hospitali. Ni shangazi kutoka Kibondo, ni mjomba kutoka Newala, amelala kwenye godoro sebuleni kati ya dripu na dripu, kwa sababu kurudi kwao na kuja tena ndani ya wiki tatu ni nauli inayolingana na mtaji wa genge. Vyumba viwili, watu saba, choo cha kuchangia na wapangaji wengine, na mtu ambaye kinga yake imeshuka. Mwenye nyumba wa namna hii ni mhudumu wa afya bila mshahara wala mafunzo. Hakuna anayemwita pembeni akamwambia achemshe maji, atenge kikombe, amwepushe mgonjwa na watoto wenye tetekuwanga.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Kwa sera, saratani imo katika magonjwa ambayo asiye na uwezo anastahili msamaha, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa vitendo, kinachomaliza familia mara nyingi ni vile vipimo vya kabla ya jibu, picha, usafiri na dawa isiyokuwepo dirishani siku hiyo. Msamaha unapitia ofisi ya ustawi wa jamii, na barua ya serikali ya mtaa husaidia. Mgonjwa anayelijua hilo siku ya kwanza anaokoa wiki kadhaa za kukopa.

Sasa maneno. Mtu akisema ana kansa, anachoambiwa hutabirika: Mungu ni mkubwa, usiwaze hayo, kuna mzee mmoja ana dawa, chemsha majani ya mstafeli. Yote hutoka moyoni, na yote humfungia mlango wa kuendelea kuzungumza. Tulikwishakwenda mbali zaidi ya mstafeli: mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, wengine wakiacha dawa zao. Siwacheki. Walikwenda kwa sababu pale waliambiwa kitu kinachoeleweka, kwa bei inayojulikana, na walikuwa pamoja. Hospitali zetu hutoa dawa iliyo bora mara elfu, lakini katika hayo matatu bado zina deni.

Ukimya una historia pia. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, ndugu wa karibu wa limfoma, na wengi wetu tulilisikia jina la ugonjwa wake akiwa tayari yuko mbali kitandani. Kenya walipata somo tofauti. Bob Collymore wa Safaricom alirudi kazini mwaka 2018 kutoka matibabu Uingereza akaeleza hadharani saratani yake ya damu, na mbunge Ken Okoth aliwaandikia wananchi wa Kibra kuhusu yake mwanzoni mwa 2019. Wote wawili walifariki Julai 2019, mwezi uleule aliofariki gavana Joyce Laboso, na nchi ikabishana kwa sauti kuhusu mashine, bei na uchelewaji. Hapa kwetu, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Mzee Ali Hassan Mwinyi tarehe 29 Februari 2024, alilitaja wazi: saratani ya mapafu. Ni hatua, ingawa imekuja kwenye tangazo la msiba. Tunachokosa ni walio hai.

Na hapa ndipo Dar es Salaam haina kisingizio, kwa sababu kazi ya kumpa mgonjwa mwenzake wa kuzungumza naye iliwahi kuifanya. Ukimwi ulipotuingia miaka ya 1980 hapakuwa na dawa, palikuwa na woga na majungu. WAMATA ilianzishwa mwaka 1989 kuwashika mkono walioathirika na familia zao. PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ilianza mwaka 1992 pale Temeke, na wahudumu wake wa kujitolea walijifunza kuingia majumbani, kugeuza mgonjwa kitandani, kukaa na mama mwenye nyumba. Dawa zilipokuja, kliniki ziliwaweka wanaoishi na VVU wenyewe kuwa washauri: mtu mwenye kadi kama yako anakuambia amemeza miaka minane na bado anauza samaki Feri. Washauri hao wamewarudisha kwenye dawa watu ambao daktari asingewapata. Ujuzi huo uko bado Chang'ombe, Tandale na Mwananyamala, na wengi wa wahudumu wale bado wako hai.

Saratani haikurithi chochote katika hayo. Mgonjwa wa limfoma akimaliza mzunguko wa sita hupewa tarehe ya kurudi, kisha anakaa nyumbani na hofu ambayo hawezi kumweleza mtu: kila kivimbe ni ugonjwa umerudi, kila mafua ni mwisho. Ndugu wanamwona amenenepa, wanasema amepona, maneno yamekwisha. Mtu huyu ndiye hasa anayehitajika kwenye benchi. Kumweka pale siku mbili za kliniki kwa wiki, na nauli yake ikarudishwa, hakuhitaji mashine wala mfadhili wa nje. Ni uamuzi wa uongozi wa hospitali, na ningependa kuona Temeke na Mwananyamala zikitangulia, kwa kuwa huko ndiko tezi hupita kwanza kabla ya kufika Ocean Road. Mshauri wa aina hiyo asitoe dawa wala kutabiri nani atapona. Akae, asikilize, amweleze mwenzake la mkojo mwekundu na la homa.

Kwa hiyo kama umemaliza dripu zako, siku ya kliniki ijayo mwambie muuguzi wa zamu kwamba uko tayari kuzungumza na mgonjwa mpya anayetoka upande wenu. Na wewe mwenye tezi iliyokaa zaidi ya mwezi bila kuuma, au unayemeza dawa za TB na tezi inazidi kukua, usitoke kwenye chumba cha daktari kabla hujauliza ni lini utachukuliwa kinyama.